Kwaya ya watu 14, Jumamosi moja Stockholm: matembezi ya mguu yapangweje?

Materuni_Chini (Moshi)

Habari wakuu. Nauliza kwa niaba ya kwaya ya usharika mmoja hapa Moshi. Wamealikwa na usharika rafiki huko Sweden, na kabla ya kupanda treni kwenda kwa wenyeji wao wana Jumamosi moja nzima Stockholm, mwishoni mwa Mei. Ni watu 14, wa miaka 22 hadi 67. Mama mmoja goti halimruhusu ngazi nyingi. Wenye Kiingereza kilichonyooka ni watatu tu.

Hawataki kuburuzwa kutoka jengo hadi jengo na kupiga picha. Wanataka kujua watu wa kule wanaishije: kanisa lao, serikali yao, malezi, pesa. Kuongoza wageni kwenye kahawa na maporomoko ya Materuni nakuweza, ila mji wa Ulaya ni habari nyingine.

Maswali yangu: tukodi mwongozaji au mmoja wao ashike ramani? Yale matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure, ni bure kweli? Waanzie wapi na waishie wapi? Na huwa kinaharibika nini?

---

NjiroPembeni (Arusha)

Mkuu, kabla hujafungua ramani piga hesabu ya tafsiri. Matembezi ya saa mbili kwa Kiingereza yakitafsiriwa yote yanakula saa tatu na nusu, na hapo watu wameshasimama mno. Kwa hiyo vituo visizidi nane. Mwongozaji aongee dakika nne, mtafsiri tatu, wasonge. Mtafsiri apewe orodha ya vituo wiki moja kabla, la sivyo atakwama kwenye majina ya wafalme na kila mtu atacheka badala ya kusikiliza.

Njia ninayoipendekeza inatoka kaskazini kwenda kusini, kama kilomita 4, na inaishia majini. Wengi hufanya kinyume: wanaanza mji wa zamani, Gamla stan, wanamaliza nguvu kwenye habari za wafalme, na mji wa leo wanaupita wakiwa hoi. Kwaya yako imeulizia mji wa leo. Waanze nao.

Saa tatu asubuhi wawe T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi, jukwaa la laini ya bluu. Wasitoke haraka. Kuta ni mwamba uliochongwa ukaachwa na umbo lake la pango, umepakwa rangi nyeupe na bluu, na majani makubwa yanatambaa hadi darini. Ni kazi ya Per Olof Ultvedt, mwaka 1975. Wakienda kwenye njia inayounganisha majukwaa waangalie juu: kuna vivuli vya bluu vya watu kazini, mwenye ngazi, mwenye kuchomelea. Hao ni mafundi waliokijenga kituo chenyewe. Mtandao una vituo 100, na zaidi ya 90 vina kazi za sanaa za namna hii, zote zinaonekana kwa tiketi ya kawaida ya safari. Dakika kumi hapo zinafungua siku vizuri kuliko sanamu yoyote ya mfalme, maana swali linakuja lenyewe: nani alikubali kodi yake iende kwenye kuta za kituo cha treni?

Kutoka hapo ni dakika saba kwa mguu hadi Hötorget. Ni soko la maua na matunda Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili wanauza vitu vya mitumba. Jengo la bluu lenye nguzo ndefu ni Konserthuset, la 1926. Humo ndimo Tuzo za Nobel hutolewa kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896. Zote isipokuwa ya amani, ambayo hutolewa Oslo. Ndiyo maana Wangari Maathai alikwenda Norway mwaka 2004.

Wapande Sveavägen hadi kona ya Olof Palmes gata, na mbele kidogo kanisa la Adolf Fredrik, lenye kaburi la Olof Palme uani (nitarudi huko mtu akiuliza). Halafu wateremke Drottninggatan, mtaa usio na magari, moja kwa moja hadi Bunge. Njiani watapishana na simba wa zege waliolala katikati ya barabara. Watoto wanawapanda mgongoni, lakini kazi yao ni kuzuia magari. Tarehe 7 Aprili 2017 mtu aliendesha lori katikati ya watu mtaani hapo, wakafa watano.

Bungeni ndipo pa kukaa kidogo. Mtaa wenyewe unapita katikati ya majengo mawili ya Bunge, chini ya tao, na unapita kwa mguu kama unavyokatiza stendi. Wabunge ni 349. Zamani walikuwa 350, hadi uchaguzi wa 1973 ulipotoa 175 kwa 175. Kwa miaka mitatu baadhi ya mambo kura zikifungana waliamua kwa kupiga bahati nasibu, ndipo wakapunguza kiti kimoja. Kwaya ikisikia hilo haitalisahau. Waambieni pia kwamba sheria ya 1766 ndiyo iliyompa mwananchi haki ya kuomba karatasi za serikali azisome. Hadi leo unaingia ofisi ya umma, unaomba barua iliyofika mezani kwa mkurugenzi, na hawaruhusiwi kukuuliza jina wala sababu, labda karatasi yenyewe iwe ya siri kisheria. Hata kipato cha jirani yako kinachotozwa kodi ni taarifa ya wazi.

Kuanzia hapo ni Gamla stan, na wengine humu wanaijua vizuri kunizidi.

---

SakinaMwisho (Arusha)

Naafiki njia ya Njiro, ila tarehe iangaliwe kwanza. Jumamosi za mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni ndipo Stockholm Marathon hukimbiwa, na barabara za katikati ya mji hufungwa mchana kutwa. Ikiangukia siku yenu, basi za juu zinabadilishwa njia; tegemeeni treni za chini na miguu.

Sasa Gamla stan. Kinachoharibika huko ni kitu kimoja: Västerlånggatan. Ndio mtaa wa maduka ya zawadi, na ikifika saa tano asubuhi umeshona watu. Kundi la 14 linakatika vipande vitatu, mtafsiri anabaki nyuma akinunua sumaku ya friji, mwongozaji anaongea na watu watano. Tumieni Prästgatan, uchochoro unaokwenda sambamba upande wa juu. Kimya, na mzuri zaidi.

Kwenye kona ya Prästgatan na Kåkbrinken simamisha watu watazame chini. Ukutani, usawa wa goti, kuna jiwe lenye maandishi ya kale ya runi yaliyochongwa ndani ya mkanda uliojipinda kama nyoka. Linasema Torsten na Frögunn walisimamisha jiwe hili kumkumbuka mtoto wao wa kiume. Karne nyingi baadaye mjenzi alihitaji jiwe la kona, akalichukua akalijengea. Mbele yake umesimamishwa mtutu wa mzinga, ili magurudumu ya mikokoteni yasile kona ya nyumba. Kumbukumbu ya mtoto, ukuta wa mtu, na mzinga wa vita uliofanywa kigingi: vyote kwenye nafasi ndogo kuliko mlango wa daladala. Wageni tisa kati ya kumi wanapita bila kuona.

Stortorget, uwanja wa katikati, wataonyeshwa nyumba nyekundu namba 20 yenye mawe meupe mengi, na wataambiwa kila jiwe ni kichwa cha mtu aliyechinjwa mwaka 1520. Mauaji ni ya kweli: Novemba mwaka huo Christian wa Pili wa Denmark aliua watu wapatao 80 hadi 100, maaskofu wawili wakiwemo, wengi wao hapo hapo uwanjani, siku chache baada ya kutawazwa. Mawe ni hadithi. Nyumba ilipata sura hiyo zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwongozaji akiwapa habari ya mawe kama historia, mwulizeni kwa upole nyumba ilirembwa lini. Jibu lake litawaambia mmempata wa aina gani.

Upande wa kaskazini wa uwanja ni jengo la soko la hisa la zamani, la 1778. Juu kinakaa Chuo cha Kiswidi chenye viti 18, wanaochagua mshindi wa Nobel ya fasihi. Chini ni jumba la makumbusho la Nobel. Mwaka 2021 mlango wa huko ulifunguliwa saa saba mchana kwa saa zao, likatajwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Mkahawa wa mle una mila yake: washindi wanasaini chini ya viti. Ukinunua kahawa unaruhusiwa kukipindua kiti chako usome.

Ngazi za Mårten Trotzigs gränd, uchochoro mwembamba kuliko yote, ni 36 na upana wa sentimita 90 pale palipobana zaidi. Mnatoka Prästgatan mnashuka, si kupanda. Mama wa goti atangulie na mtu mmoja kwa Västerlånggatan, mkutane chini yake. Tahadhari ya viatu: barabara zote za huko ni mawe ya mviringo yaliyopangwa, na yakilowa ni sabuni. Viatu vya kanisani vyenye kisigino vikae begini.

---

Kiboriloni2 (Moshi)

Gurnah alikabidhiwa tuzo yake hapo Konserthuset mbele ya mfalme, msisahau kuwaonyesha kwaya.

---

SakinaMwisho (Arusha)

Hapana mkuu, hakukabidhiwa hapo. Mwaka 2021 ulikuwa wa Uviko. Washindi walipewa nishani katika nchi walizoishi. Yeye alipokelea London tarehe 6 Desemba. Stockholm jina lilitangazwa, basi. Ndiyo maana nimesema wasimame Stortorget, mlango ulipofunguliwa.

---

BintiTengeru (Arusha)

Shikamooni wakubwa. Naongezea yale ambayo mwongozaji huwa hayasemi kwa sababu kwake ni kawaida, na ndiyo hasa kwaya imeyaulizia.

Salamu. Kule hakuna shikamoo, na si utovu wa adabu. Miaka ya 1960 mwishoni Waswidi waliacha vyeo na namna za heshima katika mazungumzo. Kila mtu sasa ni "du", yaani wewe: mchungaji, daktari, waziri. Anayebaki nje ya hilo ni jamaa ya kifalme. Kijana wa miaka 20 akimwita mama wa miaka 67 kwa jina lake la kwanza, hajamkosea. Waandalieni wazee mapema, maana hapo ndipo moyo huingia mchanga bila sababu.

Malezi. Jumamosi watawaona akina baba wakisukuma vigari vya watoto, wengine wawili wawili wakipiga soga. Wazazi wana siku 480 za likizo ya malipo kwa mtoto mmoja, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake. Baba asipozitumia zake zinapotea. Mama hawezi kurithi. Likizo kwa baba ilianza 1974, lakini akina baba walianza kuichukua kwa wingi pale siku zilipotengwa. Mwenye kigari chenye mtoto hapandi basi la Stockholm kwa nauli, ni bure. Na kumchapa mtoto ni marufuku tangu 1979, nchi ya kwanza duniani kuliandika hilo kwenye sheria. Hili litazua mjadala ndani ya kwaya, najua. Uzuke kwenye benchi, si ndani ya treni.

Treni na basi ni kimya. Ngazi za umeme: anayesimama anakaa kulia, kushoto ni kwa mwenye haraka. Duka la dawa, benki, hata duka la jibini: tafuta kwanza mashine ya namba ukutani, vuta karatasi, ngoja namba yako. Anayesimama kaunta bila namba haonekani.

Kuvuka barabara. Hili ni la usalama. Sisi tunatazama kulia kwanza. Sweden waliendesha kushoto kama sisi hadi tarehe 3 Septemba 1967, siku walipohama wote kwenda kulia saa kumi na moja alfajiri. Kura ya maoni ya 1955 ilikuwa imekataa kwa asilimia 83, Bunge likaamua vinginevyo. Kwa hiyo tazameni kushoto kwanza. Na kabla ya gari kuna njia ya baiskeli, ambayo mgeni huidhania ni ukingo wa barabara. Mkisimama humo kupiga picha mtasikia kengele, na safari hii si ya muuza lambalamba.

Pesa. Noti watarudi nazo. Maduka na mikahawa mingi wanaandika mlangoni kuwa hawapokei taslimu, na ni halali. Wenyeji wanatumiana kwa Swish kwenye simu, kama sisi M-Pesa, ila Swish inadai akaunti ya benki ya Sweden na namba ya utambulisho, ile ambayo wao kila mtu anayo tangu 1947 (fikiria NIDA, lakini umepewa siku unayozaliwa). Mgeni haipati. Hivyo angalau watatu wawe na kadi ya benki iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Benki nyingi hapa kwetu huifunga hadi uombe, na kugundua hilo ukiwa mbele ya mlango wa choo cha kulipia kwa kadi ni aibu isiyo ya lazima.

---

Materuni_Chini (Moshi)

Ahsanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Kaka Njiro, ulisema utarudi kwenye kaburi la pale kanisa la Adolf Fredrik. Kwaya itasimama kaburini kwa sababu gani? Na suala la kukodi bado halijajibiwa.

---

NjiroPembeni (Arusha)

La kaburi. Olof Palme alikuwa waziri mkuu. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986 alitoka sinema na mkewe, walinzi alishawaruhusu, akawa anarudi nyumbani kwa mguu kama mtu yeyote. Akapigwa risasi kwenye kona hiyo ya Sveavägen. Alama yake ni bamba dogo la chuma lililolazwa kwenye lami ya njia ya miguu. Watu wanalikanyaga bila kujua. Uchunguzi ulifungwa mwaka 2020 bila hukumu ya kudumu juu ya mtu yeyote. Mmoja alitiwa hatiani 1989, rufaa ikamwachia mwaka huohuo. Kaburi liko hatua chache tu, uani kwa kanisa: jiwe gumu lisilochongwa sana, juu yake saini yake tu.

Sababu ya Mtanzania kusimama hapo: huyu ndiye aliyekuwa karibu na Mwalimu Nyerere, na serikali za Sweden ndizo zilizotoa fedha kwa vyama vya ukombozi kusini mwa Afrika wakati nchi kubwa za magharibi zikiviogopa. Na hata kabla ya siasa hizo kuna Kibaha, kituo cha elimu kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa mradi wa pamoja wa nchi za Nordiki. Kisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975: mfano wake ulichukuliwa kwenye shule za watu wazima za Sweden, zile ambazo mtu anakwenda kujifunza bila kukimbizana na cheti. Kwaya ya Moshi haikosi mtu aliyepita chuo kimoja cha aina hiyo, au mwanawe. Mwulizeni yeye aongee hapo kaburini dakika mbili, mwongozaji anyamaze.

La kanisa, kwa kuwa ni Walutheri. Storkyrkan, kanisa kuu la Gamla stan, lina kiingilio kwa watalii, ibada ni bure. Ndani kuna sanamu ya mwaloni ya Mtakatifu George na joka, ya 1489. Joka lilimaanisha Wadenmark. Ila habari yenyewe ni hii: kanisa lilikuwa la dola hadi tarehe 1 Januari 2000, lilipotenganishwa na serikali. Mpaka leo hakuna bahasha ya ahadi kama yetu. Mwanachama anakatwa ada, karibu asilimia 1 ya kipato, na mamlaka ya kodi ndiyo inayokusanya na kuipeleka kanisani. Akijitoa, anajaza fomu, makato yanakoma. Wazee wa usharika wenu watakuwa na maswali mengi kwa wenyeji wao juu ya hilo. Na tafadhali, wasianze kuimba ndani ya kanisa kwa kuguswa na mwangwi. Wamwombe mhudumu kwanza. Mara nyingi wanaruhusu wimbo mmoja.

---

Kiboriloni2 (Moshi)

Haya, Gurnah nimenyooshwa, sasa nijibu la kukodi maana hilo nalifahamu.

Matembezi "ya bure" si utapeli wa papasi wa stendi, lakini si bure. Mwongozaji anaishi kwa bahasha ya mwisho. Kila kichwa kinategemewa kitoe chochote, na ninyi mko 14. Pili, hao hupokea mtu mmoja mmoja na familia. Kundi kubwa lisilotoa taarifa hukataliwa mlangoni, na hawezi kusubiri tafsiri kwa sababu ana watu wengine 15.

Kwenu ninyi ni mwongozaji binafsi. Bei yake ni ya kundi kwa saa, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa 14 inagawanyika vizuri. Tafuteni aliyeidhinishwa kama mwongozaji wa Stockholm; amefanya mafunzo na mtihani, na ana beji kifuani. Kumkodi si lazima kisheria, mtu yeyote anaweza kuongoza mtaani, ndiyo maana beji ina maana. Kwenye barua pepe ya kwanza andikeni mambo haya bila kuzunguka: idadi, kwamba kuna tafsiri ya Kiswahili, kwamba kuna goti, kwamba mnataka Bunge, kanisa na malezi kuliko wafalme, na mnataka kuanzia T-Centralen. Mwulizeni kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, maana kule ni asilimia 25 kwa huduma nyingi na hamtaki kuikuta kwenye ankara. Mkodini saa tatu tu, kuanzia saa tatu hadi saa sita, aishie Stortorget. Baada ya hapo mnajiongoza.

Mabadilishano ya walinzi kwenye kasri ni saa sita na robo siku hizo za kiangazi. Mimi ningeyaacha. Dakika 40 za kusimama, mbele yenu simu za watu. Badala yake nyuma ya kanisa la Wafini, mkabala na kasri, ingieni ua mdogo muone Järnpojke, mvulana wa chuma anayetazama mwezi. Ana sentimita 15 tu, kimo cha kikombe cha chai cha wageni. Wenyeji humfumia kofia na skafu wakati wa baridi na kumwachia sarafu. Hakuna foleni.

Wakitaka kuona mji unavyojitawala, mchana waende Stadshuset, jumba la jiji, matofali milioni nane, lilizinduliwa 1923. Ndani huingii peke yako, ni kwa ziara ya mwongozaji wa hapo, kama dakika 45. Wataonyeshwa ukumbi wa karamu ya Nobel, unaoitwa wa Bluu na ni mwekundu wa matofali (msanifu Ragnar Östberg alibadili mawazo, jina likabaki). Pazuri zaidi ni chumba cha madiwani, viti 101, dari lake kama mashua iliyopinduliwa, na juu kuna jukwaa la wananchi kusikiliza. Ubaya: hufungwa kwa shughuli za jiji. Asubuhi hiyohiyo angalieni tovuti yao.

---

BintiTengeru (Arusha)

Mimi badala ya Stadshuset ningewapeleka Vasa. Samahani kaka Kiboriloni, baada ya saa tatu za Bunge na kanisa kichwa kimejaa; wanahitaji kitu cha kushangaa kwa macho. Meli ya kivita ya mfalme, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 safari yake ya kwanza, haijafika hata kilomita moja na nusu. Ilikuwa nzito juu na nyembamba chini. Upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi. Iliibuliwa 1961, na iko nzima ndani ya jumba, urefu mita 69. Hata asiyejua neno la Kiingereza anaielewa kwa kuitazama, na kwa kundi lenu hiyo ni nusu ya kazi ya mtafsiri.

Kuhusu tiketi, hapa ndipo makundi hukwama. Kugusisha kadi ya benki getini kunahesabu mtu mmoja kwa kadi, na kunakata nauli ya mtu mzima. Kwa hiyo mmoja apakue kwenye simu programu ya SL, shirika la usafiri wa mji, anunue tiketi 14 za saa 24 kwa pamoja. Wenye miaka 65 na zaidi wana punguzo, lichagueni humo, na wazee wawe na pasipoti karibu. Tiketi ya safari moja ni ya dakika 75. Kwa siku yenu haitoshi. Simu hiyo ibaki na chaji na ipite getini na kundi zima. Anayeachwa nyuma yuko nje bila tiketi.

Tiketi hiyohiyo inapanda pantoni namba 82, kutoka Slussen, mwisho wa kusini wa Gamla stan, kwenda Djurgården, kisiwa lilipo jumba la Vasa. Hapo mama wa goti anapumzika, na mji wote unaonekana kutoka majini bila kulipia boti ya watalii.

---

Materuni_Chini (Moshi)

Nimeelewa. Saa tatu hadi saa sita na mwongozaji, chakula, pantoni, Vasa. Stadshuset wale vijana wanaotaka waende wenyewe. Bado moja: baridi ya Mei ikoje, na giza linaingia saa ngapi? Treni yao ni saa mbili usiku.

---

SakinaMwisho (Arusha)

Giza halitawasumbua, jua linazama karibu saa nne usiku. Linalosumbua ni kinyume chake: mtu anaona kweupe anadhani ni alasiri, kumbe saa moja imefika. Mmoja awe mshika saa, na kumbukeni kiangazi saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwenye tiketi ya treni itaandikwa 20:00, si 2:00. Mwandikieni kila mtu mkononi.

Baridi ni ya kuvaa tabaka, kama asubuhi ya Marangu getini, si Horombo. Fulana, sweta, na koti jepesi lisilopitisha upepo, maana kwenye pantoni upepo ni mwingine. Na Vasa ndani wanaweka ubaridi makusudi kwa ajili ya mbao. Sweta msiziache hotelini mkiona jua.

---

NjiroPembeni (Arusha)

Pantoni ya kurudi, msingoje ya mwisho inayowatosha. Watoke Vasa saa kumi na moja, Jumamosi foleni ya pale gatini ni ndefu kwa sababu watu wa bustani ya michezo ya Gröna Lund wanapanda hapohapo. Ikiwa imejaa, tramu namba 7 inapita karibu na jumba la Vasa na inarudi hadi T-Centralen kwa tiketi ileile.